Mguu ulionyooka au goti la kukunja: kusoma na kufundisha mwendo wa vikosi vya ngoma na tarumbeta

Mtu akikuonyesha video ya kikosi cha Drum Corps International (DCI), shirika la Marekani linaloendesha mashindano ya vikosi vya ngoma na tarumbeta, na kukuuliza kinatembea kwa mtindo gani, usiangalie kofia, wala bendera, wala umbo linalochorwa uwanjani. Tazama vifundo vya miguu. Tena usitazame pale mguu unapotua, kwa sababu kwenye kutua vikosi vizuri karibu vyote hufanana: kisigino chini, vidole juu, mguu umenyooka. Tazama nusu ya hesabu, ile "na" ya "moja na, mbili na", wakati mguu mmoja unapita kando ya mwenzake. Hapo ndipo mitindo inapoachana, na hapo ndipo ninapotumia sehemu kubwa ya muda wangu ninapofundisha.

Kazi yangu ni mwendo. Majira ya kiangazi mimi husimama pembeni ya kiwanja cha futiboli ya Kimarekani, metronomu ikilia kwenye spika, vijana wenye tarumbeta na ngoma wakivuka mbele yangu safu baada ya safu. Nimefundisha mguu ulionyooka na nimefundisha goti la kukunja, na kila msimu kuna anayeniuliza upi ni bora. Jibu langu ni kwamba mtindo wa mguu huamuliwa na mchoro, yaani mpango wa maumbo ambayo kikosi hupita uwanjani. Anayebuni maumbo ya onyesho akishajua watu watakwenda umbali gani, kwa kasi gani, wakielekea wapi, basi nusu ya uamuzi wa miguu umeshafanyika. Nusu iliyobaki ni kuueleza kwa maneno ambayo watu zaidi ya mia moja watayaelewa kwa namna ileile.

Anza na kipimo

Kiwanja ndicho rula yako. Kina mstari kila baada ya yadi 5, na hatua ya kawaida ya vikosi hivi ni nane kwa tano: hatua 8 kuvuka yadi 5, yaani inchi 22.5 kwa hatua, kama sentimita 57. Sita kwa tano ni inchi 30, sentimita 76 hivi, na hicho ndicho kipimo cha hatua ya jeshi la Marekani katika mwendo wake wa hatua 120 kwa dakika. Undugu huo si wa bahati. Vikosi hivi vililelewa na vyama vya wanajeshi wastaafu, American Legion na VFW, vilivyoendesha mashindano ya taifa miaka mingi kabla DCI haijafanya fainali yake ya kwanza huko Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972. Ukishuka chini, kumi na mbili kwa tano ni sentimita 38, na kumi na sita kwa tano haifiki 29.

Mfundishe mwanafunzi nane kwa tano mpaka mwili wake uijue akiwa amefumba macho. Mpange juu ya mstari, atembee hesabu 8, asimame, kisha ndipo atazame chini. Hapa kuna jambo dogo ambalo walimu wengi hulipita haraka: sehemu gani ya wayo inakaa juu ya mstari kwenye hesabu ya nane? Kisigino? Vidole? Mimi huchagua katikati ya wayo, kwa sababu mtu akirudi kinyumenyume kipimo hicho hakimdanganyi. Ukichagua vidole ni sawa pia, mradi wote wachague vidole. Tofauti ya nusu wayo kati ya watu wawili haionekani. Ikijirudia katika safu ya watu ishirini, ule mstari ulionyooka kwenye karatasi utaonekana umeng'atwang'atwa ukiutazama kutoka jukwaa la juu, na watu wa jukwaa la juu ndio wanaoliona umbo.

Kisha usimamaji. Masikio, mabega, nyonga, magoti na vifundo vikae katika mstari mmoja wa wima. Uzito uwe mbele kidogo, chini ya vidole, kiasi kwamba karatasi ingeweza kupita chini ya visigino. Mabega yashuke, shingo irefuke. Tarumbeta ije usoni. Uso usiifuate tarumbeta, na mdomo mpana wa ala uinuke kidogo juu ya mlalo ili sauti ifike majukwaani. Kazi hii inachosha na wanafunzi hawaipendi. Ifanye kila asubuhi, kwa dakika chache tu, lakini kila asubuhi.

Mguu ulionyooka

Katika mtindo huu goti halikunjwi kwa kuonekana. Mguu unatoka nyongani ukiwa mrefu na kupita mbele kama mkasi unaofunguka. Kisigino kinagusa ardhi kwenye hesabu yenyewe, vidole vikiwa vimeelekezwa juu kadiri muundi utakavyoruhusu, kisha wayo unakunjuka taratibu kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Mguu wa nyuma nao unabaki mrefu. Kisigino chake kinaondoka ardhini kwa kuchelewa na hakipandi. Kinakwenda mbele kikiwa kimekaribia nyasi, na kwenye "na" vifundo viwili vinakutana bega kwa bega.

Neno "kunyooka" lina hatari yake. Mwanafunzi akilisikia hufunga goti mpaka mwisho, na goti lililofungwa hupeleka kila pigo la kisigino moja kwa moja kiunoni, kifuani na kwenye midomo. Utaisikia kabla hujaiona: noti ndefu inatetemeka kwa kila hatua. Waambie mguu uwe mrefu, misuli ya paja iwe hai, na nyuma ya goti pabaki na uwazi ambao mtu wa jukwaani hawezi kuuona. Kosa la pili ni teke. Mtu anarusha muundi mbele ili vidole vionekane juu, na wayo unafika hewani kabla ya hesabu, unangoja, kisha unaanguka. Dawa yake ni kuwaambia wayo uingie ardhini ukiwa bado unakwenda, usisimame hewani hata kidogo.

Zoezi ninalolitegemea kuliko yote ni la kusimama kwenye "na". Weka metronomu kwenye mapigo 80 kwa dakika. Kikosi kinatembea hesabu saba na nusu, kisha kinaganda. Mguu wa kushoto uko chini umebeba mwili wote, wa kulia unaelea kando yake, vifundo sambamba, wayo unaoelea uko sentimita chache juu ya nyasi. Pita katikati ya safu sasa. Utaona mmoja ambaye kifundo chake kimekwisha kupita mbele, na huyo ndiye ambaye hatua zake hukimbia muziki. Utaona mwingine ambaye kimebaki nyuma. Huyo hulazimika kuurusha mguu dakika ya mwisho, na ndiye mwenye teke. Utaona anayeyumba kwa sababu nyonga yake imelegea upande mmoja. Mwanzoni watayumba karibu wote. Usiwakemee. Waache wagande hesabu nne, wapumue, wamalizie hatua, waende tena. Baada ya wiki kadhaa za zoezi hili, vikosi nilivyowahi kuvishika hubadilika sura bila mtu kutaja neno "usawa", kwa kuwa watu wote wanapita katikati ya hatua kwa wakati mmoja.

Uzuri wa mguu ulionyooka ni urefu. Mistari ya miguu inaonekana mirefu, mwendo unatiririka, na katika muziki wa polepole hakuna kitu kinachopendeza kuliko safu ya watu wanaosogea kwa kumi na mbili kwa tano bila bega moja kupanda. Gharama yake hujitokeza hatua inapokuwa kubwa na muziki wa kasi. Piga hesabu: sita kwa tano kwa mapigo 180 ni mita 137 kwa dakika, na tano kwa tano kwa mapigo 200 ni karibu mita 183 kwa dakika, yaani zaidi ya mita 3 kila sekunde. Hapo mtu wa kawaida angekuwa anakimbia mchakamchaka. Kufanya hivyo kwa mguu mrefu huku unapuliza inawezekana, lakini inadai misuli ya nyuma ya paja iliyonyooshwa vizuri na miezi ya maandalizi. Mwenye miguu mifupi hudaiwa zaidi ya wengine, na mwalimu mwema hulikumbuka hilo anapogawa nafasi.

Goti la kukunja

Huu wengine huuita mwendo wa baiskeli, kwa sababu ya jinsi goti linavyozunguka. Mguu wa nyuma ukiachia ardhi, goti linakunjika na kutangulia mbele, wayo unafuata ukipanda kidogo, kisha mguu unanyooka mbele na kutua kwa kisigino vilevile. Kwenye "na" utaona pembe kwenye goti, na kisigino kimepanda kando ya mguu uliosimama.

Kimepanda hadi wapi? Hilo ndilo swali, na usianze kufundisha mtindo huu kabla hujalijibu. Mguu ulionyooka una faida moja ya kufundishia: mstari ulionyooka ni mmoja tu. Goti la kukunja lina pembe nyingi, na kila mwanafunzi huja na ya kwake. Chagua alama mwilini ambayo kila mtu anayo. Kwa mfano, kwenye "na" upande wa ndani wa wayo ufikie kifundo cha mguu uliosimama, au nusu ya kigimbi, ukiwa sambamba na ardhi. Kisha rudi kwenye lile zoezi la kugandisha na ukague alama hiyo mtu kwa mtu. Usikubali jibu la "hapo hapo karibu".

Faida yake iko kiunoni. Goti likikunjika, mguu unapita chini ya mwili bila kuisukuma nyonga juu wala pembeni, kwa hiyo sehemu ya juu hutulia hata hatua zinapokuwa kubwa. Mabadiliko ya mwelekeo nayo huwa rahisi zaidi, kwa kuwa mguu ulioinuka unaweza kupelekwa popote, ilhali mguu mrefu umeshaamua unakoelekea. Kikosi ambacho mchoro wake una mizunguko mingi, kona za ghafla na hatua zinazobadilika urefu kila baada ya hesabu nne kitakuwa na furaha zaidi na goti la kukunja. Upungufu wake ni kwamba ukiulegeza kidogo unageuka kutembea kwa kawaida barabarani, na kwenye muziki wa polepole sana ile pembe ya goti huonekana kama kitu cha ziada ambacho hakuna aliyekiomba.

Mtu asichanganye goti la kukunja na mwendo wa kupandisha paja. Kupandisha paja hadi likawa sambamba na ardhi ni utamaduni mwingine wenye fahari yake, na bendi za vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, Marching 100 ya Florida A&M ikiwa mojawapo ya zinazojulikana zaidi, zimeufikisha mahali ambapo paja lenyewe ndilo onyesho. Vikosi vya ngoma na tarumbeta vya zamani pia vilipandisha magoti, hasa vinapopiga hatua mahali pamoja, na athari za kijeshi zilionekana wazi. Leo katika DCI hutumika kama rangi ya muda mfupi ndani ya onyesho. Ukiutaka, ufundishe kama mtindo kamili wenye sheria zake. Usiwaambie watu "pandisheni tu".

Kinyumenyume na upande

Mwendo wa kurudi nyuma hufanana zaidi kati ya kikosi na kikosi. Mwili unakaa juu ya sehemu ya mbele ya wayo, visigino havigusi ardhi kabisa, na mguu unafika nyuma kwa kidole kwanza. Kosa kubwa ni kukaa chini, yaani kiuno kinarudi nyuma kabla ya mguu. Gusa kidogo mgongo wa tarumbeta kwa mkono wako mwanafunzi anapoanza kurudi: ukihisi ala imepanda juu, ujue kifua kimeanguka nyuma. Fanyeni mazoezi ya urefu huo wa visigino mkiwa mmesimama kwanza, hesabu 16, kisha 32, kabla ya kutembea hata hatua moja. Kubadilika kutoka mbele kwenda nyuma ndiko kunakohitaji muda. Hesabu ya mwisho ya kwenda mbele lazima ivunje mwendo, wayo mzima ukikanyaga chini yako na uzito ukisimama hapo, vinginevyo mwili unapitiliza nusu hatua na umbo zima linavimba mbele.

Kwenda upande kuna njia mbili. Wapulizaji kwa kawaida huelekeza nyonga na miguu kule waendako, wakizungusha kiwiliwili kutoka kiunoni ili mabega na tarumbeta vibaki vimeelekea watazamaji. Wapigaji wa ngoma za kubeba hawawezi kufanya hivyo kwa raha, kwa sababu fremu ya ngoma imefungwa kifuani na inageuka na mwili. Wao hutumia mwendo wa kaa, nyonga zikiwa mbele na mguu mmoja ukivuka mwingine. Amueni mguu unavuka mbele au nyuma ya mwenzake na msibadilishe. Ukiwa na safu ya tarumbeta na safu ya ngoma ndani ya umbo moja, ukubali kwamba miguu yao haitafanana. Kinachopaswa kufanana ni urefu wa hatua na utulivu wa mabega.

Mtindo wa macho

Hadi hapa tumezungumzia miguu. Lakini kikosi huwa na mtindo wake wa macho pia, yaani jinsi umbo, mwili, bendera na mavazi vinavyosema jambo moja. Njia bora ya kuujua ni kukaa na video za maonyesho machache na kuyatazama kwa swali moja tu: mchoro huu unadai nini kutoka kwa miguu?

Ingia kwanza kwenye historia ya alama, maana imechora mengi. Zamani waamuzi wa mwendo walitembea kati ya wachezaji wakihesabu makosa, na kila kosa lilikata sehemu ya kumi ya alama. Kanuni hiyo iliondoka baada ya msimu wa 1983. Ilipokuwapo, kikosi kilichojaribu jambo gumu kilijiweka hatarini. Ilipoondoka, ugumu ukaanza kulipwa. Leo jumla ya alama 100 hugawanywa 40 kwa athari ya jumla (jinsi onyesho zima linavyomgusa mtazamaji), 30 kwa macho na 30 kwa muziki, na zile 30 za macho zinatokana na utekelezaji, uchambuzi wa utunzi na wapeperusha bendera. Wapeperusha bendera wana theluthi nzima humo. Anayefundisha mwendo bila kuzungumza na mwalimu wao anaacha theluthi hiyo mlangoni.

Tazama Garfield Cadets wa 1983, mwaka walioanza mfululizo wa mataji matatu, 1983 hadi 1985, ambao hakuna kikosi kilichokuwa kimeufikia kabla yao katika DCI. Mchoraji wao George Zingali aliachana na ulinganifu wa kushoto na kulia. Maumbo yake hujikunja, hunyooka, hupasuka na kuungana upya kabla jicho halijazoea lililotangulia. Ukitazama mchezaji mmoja badala ya umbo utaelewa ninachosema kuhusu miguu, kwani mara hatua zake ni fupi kama kumi na sita kwa tano na mara anaruka karibu yadi nzima, bila muziki kubadilika. Zingali huyohuyo alichora onyesho la Star of Indiana la 1991, lenye msalaba unaogeuka na kuwa msalaba mwingine, na bado nawaonyesha wanafunzi sehemu hiyo kuliko nyingine yoyote ya miaka ile. Simamisha video katikati ya mageuzi. Umbo linasomeka hata pale, hakuna anayeonekana amepotea njiani.

Baadaye nenda kwa Cavaliers wa 2002, waliotwaa taji kwa alama 99.15, na michoro ya Michael Gaines. Hapa jiometri ndiyo mhusika mkuu: maumbo yanazunguka ndani ya maumbo, yanapitana, yanajirudia kwa ukubwa tofauti. Mchoro wa namna hii haukusamehi kwenye mwelekeo. Mtu akikosea pembe ya njia yake kwa nyuzi chache tu, duara linapata kona. Kwa hiyo wakufunzi wake hutumia saa nyingi kwenye njia kati ya nukta na nukta, yaani kati ya mahali mchezaji anapotakiwa kufika na pengine, na si kwenye nukta zenyewe tu. Chukua somo hilo hata kama kikosi chako ni kidogo: mwanafunzi aandike kwenye daftari lake la nukta anakoanzia, anakoishia, na pia mahali atakapokuwa katikati ya safari. Nukta ya katikati ndiyo inayookoa umbo.

Phantom Regiment wa 2008 na onyesho lao la Spartacus wanakupeleka kwenye tamthilia. Walishinda kwa 98.125 dhidi ya 98.100 za Blue Devils, tofauti ndogo kabisa, na kilichowabeba machoni mwa watazamaji ni kwamba kila mwili uwanjani ulikuwa na tabia. Wachezaji walikuwa watu wa hadithi, wenye hasira na hofu, na mwendo wao ulibadilika kufuatana na sehemu ya hadithi. Ukitaka njia hiyo, muda wa kufundisha uso, pumzi na namna ya kusimama utatoka kwenye muda wa miguu. Pima kama unao.

Blue Devils wa 2014, walioweka rekodi ya alama 99.65, na Bluecoats wa 2016, waliotwaa taji lao la kwanza, wanaonyesha njia iliyotawala miaka ya karibuni. Watu hupangwa kwa makundi kama kwenye jukwaa la dansi, kundi moja linacheza huku jingine likihama kimyakimya, na vifaa vikubwa vinakuwa sehemu ya uwanja. Bluecoats walivua kofia na kuteleza kwenye majukwaa yaliyopinda, na nywele na nyuso zao zikawa sehemu ya mavazi. Kwa miguu, mtindo huu unadai kitu ambacho enzi ya mwendo wa kijeshi haikukijua: mchezaji atoke kwenye dansi ya chini kabisa, goti likigusa nyasi, na baada ya hesabu mbili awe anatembea nane kwa tano kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpito huo ufundishwe kama hatua halali yenye hesabu zake. Taja uzito uko mguu gani, nani anainuka kwa mguu upi, kichwa kinafika lini. Vikosi vingi vina dansi nzuri na mwendo mzuri, na vinapoteza alama katika zile hesabu mbili zilizo katikati.

Kuchagua kwa ajili ya kikosi chako

Nikiitwa kusaidia kikosi kipya, huuliza kwanza kuona mchoro, kisha muziki, kisha watu. Mchoro ukiwa wa mistari mirefu, nyimbo nyingi za polepole na mapigo yasiyozidi 160, nitaelekea mguu ulionyooka bila kusita. Mapigo yakipanda na hatua zikawa kubwa mara kwa mara, au wengi wa wachezaji wakiwa wapya, nitapendekeza goti la kukunja, huku nikijua wiki mbili za kwanza zitakwenda kwenye ile alama ya kisigino. Kuna vikosi vinavyotumia mguu ulionyooka kwa jumla na kuruhusu goti kukunjika hatua ikizidi sita kwa tano. Hiyo ni njia halali kabisa, na mimi huipenda, lakini mpaka lazima utajwe kwa namba. "Mkiona ni kubwa, kunjeni" huzalisha safu ambayo wa nne ameanza kukunja na wa tano bado.

Kitu kimoja sikishauri: kubadili mtindo katikati ya msimu kwa sababu mmeona kikosi kingine kimeshinda. Misuli iliyofundishwa mguu mrefu tangu majira ya baridi haitasahau ndani ya wiki tatu, na utakachopata ni mtindo wa tatu ambao hakuna aliyeuchagua.

Kwa kupiga hatua mahali pamoja, pia chagua mapema. Vikosi vingi siku hizi huacha vidole vibaki ardhini na kuinua kisigino tu, kisigino kikirudi chini kwenye hesabu. Vingine huinua wayo mzima. Inaonekana ni jambo dogo, lakini ndiko kunakoanzia hatua ya kwanza ya kila safari, na kikosi chenye namna mbili za kupiga hatua mahali pamoja huanza kila umbo kwa kuchelewa upande mmoja.

Ratiba yangu ya asubuhi ni hii: usimamaji, visigino juu, kugandisha kwenye "na" kwa mapigo 80, kisha hesabu 8 mbele na 8 mahali pamoja kwa mapigo 120, halafu nane mbele na nane nyuma bila kusimama kati. Ndipo tunapanda hadi 160 na 180. Muziki unaingia mwisho, kwanza kwa kuimba sehemu zao, kisha kwa ala. Mwenye kamera aiweke chini, usawa wa kigimbi, kwa sababu ukirekodi kutoka juu utaona umbo na hutaona chanzo cha umbo kuharibika. Waonyeshe wanafunzi picha hizo siku hiyohiyo, kwa mwendo wa polepole, na waache wenyewe waseme nani yuko mbele ya "na" na nani yuko nyuma.

Na yote mliyoamua yaandikwe kwenye karatasi moja, si zaidi: sehemu ya wayo inayokaa juu ya mstari, urefu wa kisigino kwenye "na", hatua ambayo goti linaruhusiwa kukunjika, mguu unaovuka mbele katika mwendo wa kaa, namna ya kupiga hatua mahali pamoja. Kila mwalimu anayefika, hata awe bingwa wa namna gani, apewe karatasi hiyo asome kabla hajasimama mbele ya safu.